Kalamu Nyuma ya Brashi

Niseme mapema kwamba kidole kilichobonyeza kilikuwa changu. Ilikuwa Jumapili ya mwisho wa Februari. Wifi yangu Rannvá alikuwa jikoni kwake anakata keki, mimi nimekaa sebuleni mbele ya kompyuta yake, na kwenye kona ya skrini kulikuwa na kitone chekundu kilichomwambia kwa miaka na miaka kwamba kuna toleo jipya la Rissa. Rissa ni programu ya kuchora na kurekebisha picha. Ni ya bure, imetengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika huku na huko, na hapa Hvalba, kijijini kwetu katika visiwa vya Faroe, namjua mtu mmoja tu aliyekuwa akiitumia kila siku iendayo kwa Mungu.

"Wifi," nikaita, "hili toleo lako lina miaka kumi na miwili. Nikuwekee jipya?"

"Liache hivyo hivyo. Linafanya kazi."

"Jipya litafanya kazi vizuri zaidi."

"Kasema nani?"

"Wenyewe wameandika hapa."

Mashine ya kahawa ikaanza kunguruma, sikusikia jibu, nami nikauchukulia ukimya ule kuwa ruhusa. Kazi yangu ni kuangalia kompyuta za ofisi ya halmashauri. Mtu wa kazi hiyo akiona kitone chekundu, mkono unamwasha.

Rannvá ameolewa na kaka yangu Jákup, ambaye miezi mingi ya mwaka yuko baharini na meli ya uvuvi. Yeye mwenyewe alikata minofu ya samaki kiwandani miaka thelathini na mmoja, mpaka bega la kulia likagoma. Daktari alimwambia apumzike. Rannvá hajui kupumzika, kwa hiyo akaanza kuchora michoro ya sweta. Namna yake ilikuwa rahisi: doa moja kwenye picha ni kitanzi kimoja kwenye sindano. Doa jeusi, sufu nyeusi. Doa jeupe, sufu nyeupe. Ukishamaliza unaikuza picha mpaka kila doa linakuwa mraba unaoonekana vizuri, unachapa, na mwanamke yeyote anayejua kufuma anaweza kukaa na karatasi ile akahesabu. Hakufundishwa na mtu. Katika programu nzima, yenye vifaa zaidi ya hamsini, yeye alitumia vitatu tu: kalamu, ndoo ya rangi na kifutio. Kalamu ilikuwa safu ya pili, ya tatu kutoka kushoto. Mkono ulikuwa unakwenda pale wenyewe, macho yake yakiwa kwenye picha.

Kwa kalamu hiyo alikuwa amechora michoro arobaini na mmoja. Kumi na tisa kati ya hiyo ilitoka kwenye sweta za marehemu mama yangu. Alizilaza mezani moja moja, akahesabu vitanzi kwa lenzi ya mkononi kabla nondo hawajazimaliza. Mimi, binti wa kumzaa, sikuwahi kufikiria kufanya hivyo.

Tulipomaliza keki alikaa mbele ya kompyuta. Nikasimama nyuma yake kama mtu anayesubiri kushukuriwa.

Skrini iliyokuwa nyeupe sasa ilikuwa ya kijivu cha giza, pande zote. Vile vijipicha vya vifaa, ambavyo zamani vilikuwa na rangi zake, vyote vilikuwa vimefifishwa mpaka vinafanana kama samaki waliokwisha kuchunwa ngozi. Vifaa hamsini vimebaki kumi na vitano. Maneno nayo, ambayo zamani yote yalikuwa Kidenmarki, sasa nusu yake ni Kiingereza, maana watafsiri walikuwa hawajamaliza.

"Vingine vimeenda wapi?" akauliza.

"Vimepangwa pamoja. Vinakaa kimoja nyuma ya kingine. Wanapunguza msongamano."

"Msongamano wa nani? Mimi nimelalamika?"

"Utazoea, wifi."

"Kalamu yangu iko wapi?"

Nikainama kuangalia. Safu ya pili, ya tatu kutoka kushoto, kulikuwa na kitu chenye mpini na ncha. "Si hii hapa," nikasema. "Haijatoka hata mahali pake."

Haikuwa kalamu. Ilikuwa brashi, na kalamu imefichwa nyuma yake. Kalamu inajaza doa moja na kuliacha la jirani kama lilivyo. Brashi inalainisha kingo: inajaza doa unalolitaka, halafu inawapaka majirani rangi ya katikati, kidogo tu, ili picha ya ua au ya uso wa mtoto ipendeze. Kwa mtu wa maua ni jambo zuri. Kwa mtu anayehesabu vitanzi ni balaa. Leo hilo nalijua. Siku ile nilijua tu kwamba kahawa inapoa.

Kabla sijaondoka nikamshauri afungue michoro yake yote aone kama iko salama. Ilikuwa salama. Lakini kila alipofunga mmoja, programu iliuliza kama ihifadhi kwa mtindo mpya.

"Nijibu nini?"

"Ndiyo," nikamwambia nikivaa koti.

Akajibu ndiyo mara arobaini na moja.

Mwezi wa tatu ikaja kazi ya Teistan. Teistan ni mashua yetu ya makasia, inavutwa na wanawake sita na mshika usukani mmoja, na mwaka huo walitaka sweta mpya za kwenda nazo mji mkuu, Tórshavn, kwenye mashindano ya sikukuu ya Ólavsøka mwezi wa saba. Mchoro ulikuwepo: ndege wa baharini aitwaye teisti, mweusi, mwenye baka jeupe kwenye bawa. Turið, kiongozi wa kikundi chetu cha kufuma, alitaka tu baka lile liwe kubwa zaidi ili lionekane kutoka nchi kavu. Rannvá akaliongeza doa kwa doa, kwa kile alichoamini ni kalamu. Kwenye skrini ile ya giza, kijivu chepesi kikiwa kando ya nyeupe kilionekana nyeupe tu. Akanitumia mchoro, nikachapa nakala saba ofisini. Kwenye karatasi niliiona ile miraba ya kijivu imelizunguka bawa. Nikajiambia, wifi kaongeza rangi ya tatu, hongera zake.

Kondoo wetu wako weusi, weupe na wa kijivu. Laiti uzi wa kijivu usingekuwepo dukani, mtu angeuliza. Ulikuwepo, tena kwa wingi.

Rannvá akaenda Tórshavn kutibiwa bega, akakaa huko wiki tatu. Aliporudi, Jumanne ya pili ya Aprili, alikuja kwenye kikao chetu katika shule ya zamani. Turið akawaambia watu wazilaze sweta mezani, mbele juu. Zilikuwa zimefika kifuani, na ya kwake Turið ilikuwa imekwisha kabisa.

Wafumaji watatu walikuwa wamefuma kijivu kwa uzi wa kijivu. Wawili walidhani ni nyeupe iliyochapwa vibaya, ndege wao akawa na bawa lililovimba kama la bata bukini. Mmoja alidhani ni nyeusi iliyofifia, baka lake likawa dogo kuliko hata lile la zamani. Ya saba ilikuwa yangu. Mimi nilianza na nyeupe, nikamuuliza Turið nikiwa katikati, nikamalizia na kijivu.

Rannvá aliizunguka meza mara moja, mikono nyuma.

"Huyu ndege gani?"

"Ndiye uliyemchora wewe," akajibu Turið.

"Mimi nimechora rangi mbili."

"Karatasi ina tatu, dada. Hebu tazama mwenyewe."

Akaichukua karatasi, akaenda nayo dirishani, akaifuata miraba kwa kidole. Hakuna aliyeendelea kufuma. Halafu akasema bila kugeuka, "Sunnvør, njoo hapa."

Tangu aolewe na kaka yangu hajawahi kuniita kwa jina. Mimi ni wifi, basi. Nikaenda.

"Hii kazi ya nani?"

Nikamwambia ni ya programu. Akaniuliza nani aliiweka. Wenzetu wote wakawa wanatafuta kitu kwenye vikapu vyao.

Jioni ile ile nilikaa kwenye kiti chake nikamrudishia toleo la zamani. Skrini ikarudi nyeupe, kalamu ikarudi mahali pake, nami nikashusha pumzi. Rannvá akabonyeza mchoro wa teisti. Ikatokea sentensi moja: faili hili limehifadhiwa na toleo jipya, haliwezi kufunguliwa. Akabonyeza mwingine, na mwingine. Akafika kwenye ile kumi na tisa ya mama. Sentensi ilikuwa ile ile.

"Yaani wameingia nyumbani kwangu," akasema polepole, "wamechukua vitu nilivyochora mimi, kwa bega hili, wamevifungia, na ufunguo wamebaki nao wao."

"Hawakuingia, wifi. Mimi ndiye niliyewafungulia."

"Hilo nalijua. Zamu yako inakuja."

Kwanza aliwaendea wao. Rissa ina ukumbi wake mtandaoni ambapo watumiaji na watengenezaji huzungumza. Akaandika kwa Kidenmarki chake cha shule, aya mbili, na kwa adabu, akaeleza kilichotokea. Kesho yake asubuhi akanipigia simu ofisini kunisomea majibu.

"Wa kwanza anasema: programu ni ya bure, hukulazimishwa. Wa pili anasema: mabadiliko yote yameelezwa kwenye maelezo ya toleo, je, uliyasoma? Nimeyatafuta. Kurasa sitini na nne, Kiingereza kitupu. Wa tatu anauliza ni nani anayefuma sweta kwa programu ya picha, halafu ameweka kikatuni kinacheka."

"Waache hao."

"Bure, bure. Hilo neno wanalitamka kana kwamba wamenitolea figo. Wifi, mimi nikikupa paja la kondoo bure, halafu mwakani nikaja kulibadilisha mezani kwako, uma uko mdomoni, utaniambia asante?"

Hapo ningenyamaza tu. Badala yake nikasema kwamba hata hivyo ni watu wa kujitolea, wana nia njema, na watu wengi wamelipenda toleo jipya. "Ni mazoea tu," nikasema. "Wiki mbili, utakuwa umezoea."

Akakata simu.

Ijumaa nilirudi nyumbani kutoka kazini. Milango hapa haifungwi. Nikaingia jikoni, nikavuta droo ya vijiko, nikakuta soksi zangu. Kwenye kabati la vikombe kulikuwa na sufuria moja kubwa, ndani yake sufuria ndogo, ndani yake bakuli, na ndani ya bakuli vikombe. Kisu cha mkate kilikuwa nyuma ya upawa, upawa nyuma ya chujio. Mikebe na mitungi yote, ya chumvi, sukari, unga, dawa ya kuoshea vyombo, ilikuwa imeviringishwa karatasi ya kijivu, mmoja kama mwingine. Mezani kulikuwa na kikaratasi: Toleo jipya. Ni bure. Wiki mbili utazoea.

Nilichemka mpaka masikio yakauma. Hii ni nyumba yangu, nilikuwa najiambia, nani kampa haki. Baada ya kutafuta kahawa kwa dakika ishirini nikampigia.

"Kahawa iko wapi?"

"Imepangwa pamoja."

"Pamoja na nini?"

"Na vitu vinavyofanana nayo."

"Vitu gani, Rannvá?"

"Hukusoma maelezo? Yako chini ya jiko."

Nikapiga magoti. Kweli yalikuwepo, kurasa nne za maandishi madogo kama sisimizi. Kahawa ilikuwa bafuni, pamoja na sabuni ya unga, kwa kuwa vyote viwili ni vya kuchanganya na maji ya moto.

Nikasema siwezi kumpa furaha ya kuniona nimeshindwa. Jumamosi nzima nilipika kwa kukisia. Jumapili asubuhi nilitia chumvi kwenye uji nikidhani ni sukari, nikaumwaga, nikasimama pale katikati ya jikoni langu mwenyewe nikiwa na sufuria mkononi na sijui pa kuiweka. Nilikuwa na miaka hamsini na minane na nilitaka kulia kwa sababu ya sufuria. Na kwangu mimi ilikuwa siku ya pili tu, wala hakuna mtu aliyenitumia kikatuni kinachocheka.

Mchana nikaenda kwake.

"Nimekuja tuandike barua," nikamwambia.

"Nilishaandika."

"Hii tunaandika wawili, kwa Kiingereza. Na inaanza na nilichofanya mimi."

Akanitazama kidogo, akasogeza kiti. "Kaa. Umekula?"

"Sijapata kijiko."

Hakucheka, lakini alinikatia nyama kavu na mkate.

Barua ile ilichukua alasiri nzima. Yeye alisema, mimi nikatafsiri, na kila nilipojaribu kuweka "tafadhali" aliniuliza neno hilo ni la nini. Tuliambatanisha picha za sweta saba na ndege wake. Sentensi yake ya mwisho naikumbuka: Nyinyi mnasema hamnidai kitu na mimi siwadai kitu, lakini mtu akitegemea kazi yako miaka kumi na miwili, huwezi kusema humjui.

Siku mbili baadaye likaja jibu la mtu mmoja anayeitwa Veikko, kutoka Oulu. Hakuzunguka. Aliandika kwamba ni yeye aliyeweka kalamu nyuma ya brashi. Walikuwa wamewauliza watumiaji maswali, na waliosema wanatumia kalamu walikuwa wachache mno, akaona haina haja ya nafasi yake. Hakujua kama kuna mtu anayehesabu vitanzi. Aliomba radhi. Halafu akaeleza mambo mawili: kwamba michoro inaweza kutolewa kutoka toleo jipya ikiwa picha za kawaida, ambazo toleo la zamani litazifungua, na kwamba ndani ya mipangilio, ukurasa wa tisa, chini kabisa, kuna kisanduku cha kuweka alama ili vifaa visipangwe pamoja.

Nilimsomea. Akanifanya nirudie hapo mwisho.

"Kisanduku hicho kilikuwepo tangu mwanzo?"

"Kilikuwepo."

"Na kazi yake ni kurudisha vitu vilipokuwa."

"Ndiyo."

"Mwambie yeye ni mtu mwenye adabu," akasema. "Halafu mwambie bado nina hasira."

Nikatafsiri vile vile. Veikko akajibu kwamba ana haki ya kuwa nayo, na kwamba atapeleka hoja kwa wenzake kalamu irudishiwe nafasi yake kwa kila mtu, siyo kwa wanaojua ukurasa wa tisa tu. Mwezi wa tano wakapiga kura. Watatu walikubali, watano walikataa. Veikko alimwandikia mwenyewe kumwambia. Rannvá alisema afadhali mtu anayekuletea habari mbaya kwa mkono wake, na akawataja wale watano kwa jina ambalo sitaliandika.

Michoro tuliitoa kwa Jumamosi mbili. Picha zilikuja zote. Kilichopotea ni maandishi: kwenye kila mchoro wa mama, Rannvá alikuwa ameandika pembeni sweta ilikuwa ya nani na ilivaliwa lini, nayo yalikuwa kwenye tabaka lake ndani ya faili, juu ya picha, ambalo halikuhama. Ikabidi tuyaandike upya kwa kukumbuka. Hii Jákup alivaa siku ya kipaimara. Hii baba aliivaa mpaka viwiko vikatoboka. Nyingi nilizikumbuka mimi kuliko yeye, na kuna moja nilikumbuka hata harufu yake. Ya kumi na nne, ndogo, ya mtoto wa kama miaka miwili, hatukuijua sote. Yeye alikuwa amemuuliza mama kabla hajafa, akaandika, na sasa jina halipo. Rannvá alikaa na ile picha mbele yake, akasema tu, "Hii hapana. Hii siwasamehe." Tukaacha pembeni pakiwa patupu.

Sweta nazo tulizifumua. Sita tulizishusha hadi chini ya bawa bila manung'uniko, tukaanza upya kwa karatasi safi ya rangi mbili. Turið alikataa.

"Yangu imekwisha," akasema. "Imeoshwa. Imeshavaliwa."

"Ina kosa."

"Inapendeza."

"Turið, hilo ni kosa."

"Nimesikia. Kosa linalopendeza."

Walikwenda hivyo mwezi mzima. Mwishowe mshika usukani, mpwa wake Turið, aliivaa ile ya kijivu kwenda Tórshavn, na wavuta makasia sita wakavaa zilizo sahihi. Teistan ikawa ya nne kati ya mashua sita. Baada ya mashindano tulikuwa tumesimama bandarini wote na vikombe vya kahawa, na mwanamke mmoja mwenye duka la sufu mjini akaja moja kwa moja kwa yule mshika usukani, akalishika bawa la ndege kwa vidole viwili.

"Huu mchoro wa nani? Hiki kivuli kimetulia sana. Nautaka dukani kwangu."

Turið akamwonyesha Rannvá kwa kidevu, akiwa ameshaanza kutabasamu.

"Hakuna mchoro wake," Rannvá akasema.

"Lakini sweta ndiyo hii."

"Naiona. Hicho kijivu kimewekwa na mashine bila kuniuliza, na sitaweka jina langu kwenye kitu ambacho sikukichora. Ukitaka za rangi mbili, ziko sita hapa. Chagua."

Yule mama alichagua ya rangi mbili, kwa heshima tu nadhani, na macho yake yalirudi kwenye ile ya kijivu mara mbili kabla hajaondoka. Turið ameanza kuhesabu miraba ya karatasi ile ya rangi tatu, nasikia, ili auchore mwenyewe.

Rannvá aliporudi nyumbani alimtumia Veikko picha ya kikosi chote kikiwa kwenye mashua. Juu ya mshika usukani alichora mshale mwekundu unaoelekea kwenye bawa, na chini akaandika: Hii ndiyo kazi ya brashi yako. Veikko alijibu siku hiyo hiyo kwamba ameichapa picha na kuitundika ukutani juu ya meza yake.

"Sikumtumia aitundike," Rannvá akasema nilipomsomea. "Nilimtumia arekebishe. Mwandikie hivyo."

Nikamwandikia hivyo.